Okidi Nyeupe ya Custodia

Custodia Arbeláez alikuwa dobi wa kanisa katika mji wetu wa milimani, huku Antioquia. Mjane asiye na mtoto, na kitu pekee alichojivunia duniani ni okidi nyeupe, mmea wa maua uotao juu ya miti, iliyoshika kwenye mpera wa uani kwake. Okidi za zambarau zilijaa kila ua wa nyumba. Tulizifunga mitini na kuzitundika barazani kama walivyofanya mama zetu. Nyeupe ilikuwa yake tu. Mumewe aliitoa katika bonde la Las Ánimas mwaka waliooana, naye akailea miaka ishirini kwa maji ya mvua. Ilipozaa machipukizi aligawia majirani watatu. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Mwaka 1891 akaja Mwingereza, Mista Pelham, mnunuzi wa maua ya kupeleka kwenye nyumba za vioo za kukuzia mimea, za matajiri wa kwao. Alipoiona ile nyeupe ya Custodia, alivua kofia.

"Mama, niuzie."

"Siuzi. Hii ni ya madhabahu ya Bikira, kila Mei."

"Basi niambie tu ilitoka wapi. Sijaona nzuri kama hii."

Sifa zilimlainisha. Akamwambia, tena akamchorea njia kwa kidole mavumbini.

Wiki iliyofuata Pelham aliajiri wanaume arobaini wenye mashoka, akiwemo Eleuterio, mdogo wake Custodia aliyekuwa akila na kulala kwake. Hawakuhangaika kukwea miti. Waliiangusha, wakachuna okidi matawini, mpaka bonde zima likabaki visiki. Kisha Pelham akapita nyumba kwa nyumba. Majirani wenzangu waliuza vipande vyao. Nami niliuza changu, nikanunua viatu.

Jumapili, Custodia akiwa misani, Eleuterio aliibandua ile ya mperani kwa kisu, akampelekea Pelham.

Custodia alimfuata Pelham kwenye ua wa nyumba ya wageni. Masanduku yalikuwa yamekwisha kufungwa. Chini palibaki vipande vilivyovunjika, visivyofaa kusafirishwa.

"Mista, sikudai kitu. Niachie kile kidogo pale. Kina jicho moja la kuchipua, kitashika."

"Nikikuachia, mnunuzi mwingine atakikuta, na yangu haitakuwa ya pekee tena."

"Nitakificha. Nakuapia."

Pelham akageuka. "Eleuterio, lete maji ya moto kutoka jikoni, uvimwagie vipande hivi."

Eleuterio alikuja na sufuria, akasita.

"Mwaga, bwana!" mkata miti mmoja akadakia. "Unamwogopa dada? Au bado anakuogesha?"

Watu wakaangua kicheko. Eleuterio naye akacheka, akamwaga. Custodia alikuwa amekwisha kupiga magoti kuviokota. Maji yalimbabua mikono yote miwili.

Nami nilikuwa pale, sikusogea. Hakuna aliyesogea.

Padri alimngoja apone mwezi mmoja, halafu nguo za kanisa akampa dobi mwingine. Eleuterio aliendelea kula pale pale, akilalamika kwamba chakula hakina chumvi.

Baadaye wachunga nyumbu wa mizigo walileta habari: masanduku yalikaa bandarini wiki tano juani yakingoja meli, na kila kilichokuwamo kimeoza. Nilikimbia kumwambia, nikidhani atafarijika.

"Zote?" akauliza.

"Zote, dada."

"Hata ile yangu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akatazama pembeni kidogo, kisha akaniomba nimfunge vifungo vya gauni, maana vidole vyake havikukunjika tena.