Mufalme Aliyepita Jikoni

Mwezi uliopita baba alinipeleka Mavivi, kwa nyumba ya koko, mama yake. Nyumba ile haina mutu tena. Jirani alikuwa ametupigia simu: mabati wamekwisha kuiba, mulango wa jikoni peke yake ndio umebaki, mukuje muuchukue kabla haujaibwa nao. Donc tulitoka Butembo na pikipiki, asubuhi, mimi nyuma ya baba na kamba mukononi.

Rafiki, ungeijua nyumba ile zamani! Vakanse zangu zote za masomo nilizipitisha kule. Kakao ilikuwa inakauka juu ya bashi la plastiki kwa lupango, pale uani, na harufu yake kali ilikuwa inaingia mpaka kwa shuka. Uwanja wa ndege ulikuwa jirani: ndege zilikuwa zinashuka karibu sana, kuku zinakimbia kila mara kama ndiyo mara ya kwanza. Siku ya Mungu, kisha ibada, batoto ya majirani walikuwa wanajaa kwa baraza, na koko anatufundisha huku anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Alitufundisha imani kwa hadithi za wafalme wa Angletere, kwa Waingereza. Alipokuwa musichana alipikia wamisionere, na ni kwao alisikia zile hadithi. Sijui zilifika kwake namna gani, lakini kwetu zilifika na matope ya Beni. Mufalme wake alikuwa na mbuzi, alikuwa anaogopa ngurumo, na alikuwa anakula bugali na sombe.

Ile tuliyoipenda zaidi ni hii. Mufalme alituma habari kwamba atatembelea kijiji. Watu wakafagia barabara kubwa, wakapanga maua, na mujane mumoja mwenye nguo chafu wakamufukuza aende nyuma, jikoni, amenye viazi. Mufalme akakuja kwa miguu, akapita nyuma. Mujane hakuuliza wewe ni nani. Aliona miguu yenye matope, akaleta beseni, akamunawisha.

"Koko, na basoda wake wenye bunduki walibaki wapi?" mutoto mumoja aliuliza.

"Walipotea. Basoda wanajuaka njia ya bariere tu, pale wanalipisha watu."

Tulicheka mpaka machozi. Halafu koko aliacha kutwanga. "Yesu naye anapitaka jikoni," alisema. "Mwenye anamungojea kwa mulango wa mbele peke yake, atamukosa."

Ndiyo maana kila siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, tulikuwa tunafagia njia ya nyuma, ile ya kuku. Mbele tuliacha majani yaanguke vile yanataka.

Halafu niliingia segondere. Mimi ni mutu wa haya; kwa masomo sijawahi kuinua mukono. Mais vakanse ile, sijui nini ilinishika, nilisema mbele ya batoto wote:

"Koko, hiyo ni uongo. Wafalme wa Angletere hapana kula sombe. Prof wa histoire alitufundisha."

Batoto waliruka. "Mufalme ya sombe! Mufalme ya sombe!"

Koko alicheka pia, kidogo, akapanguza mikono kwa kikwembe. "Basi. Mwenye kusoma amesema."

Toka siku ile alitusomea Biblia tu, polepole, kidole juu ya mustari. Batoto walipungua mumoja mumoja. Hadithi hakurudilia tena.

Vita vilipokaribia Mavivi, koko alikimbia. Alifika kwetu Butembo siku ya mvua kubwa. Alipiga kwa mulango wa mbele, hatukusikia, mabati yalikuwa yanalia. Akazunguka nyumba, akaingia jikoni. Mimi nilikuwa nimeketi pale, ninamenya viazi. Alikuwa na ndara moja tu, na matope mpaka kwa magoti.

Unaona. Mimi pia niliona, saa ile ile. Beseni lilikuwa pembeni yangu. Nilijua kabisa nifanye nini, na nilijua kama nikipiga magoti pale, mbele ya mama na shangazi, koko ataelewa kila kitu bila mimi kusema neno. Haya ikanishika. Nikaita mudogo wangu: "Pelekea koko maji." Mimi nikaendelea na viazi.

"Aksanti, mama," koko aliniambia mimi.

Alikaa na sisi miezi minane. Katika kaye yangu ya siri kuna kurasa nyingi zenye neno moja: kesho. Siku moja mudogo wangu alimuomba hadithi. "Omba dada yako," koko alijibu, "yeye anajua zile za kweli." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kulala.

Alikufa wakati wa kuvuna maharagi.

Kule Mavivi, baba alipokuwa anafungua bawaba, nilizunguka lupango. Baraza imeanguka, batoto wale sijui wako wapi, kakao imemezwa na majani. Ndege moja ilishuka, na hapakuwa na kuku ya kukimbia. Nikavunja matawi, nikayafunga, nikaanza kufagia njia ya nyuma.

"Unafagia nini?" baba aliniuliza. "Tunaenda sasa hivi. Hakuna mutu atakuja hapa."

"Ndiyo, baba."

Niliendelea mpaka kwa kizingiti cha jikoni. Nilipoinua kichwa, mulango ulikuwa umekwisha kufungwa na kamba juu ya pikipiki.