Paneli Mbili Chini ya Kitenge

Kwa miaka miwili nilikuwa katibu wa kamati ndogo ya mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, iliyodai jambo moja tu: vituo vya afya viache mafuta, vitumie jua. Niliandika barua nyingi kuhusu moshi unaoipasha dunia joto, na kila nakala ilirudi na muhuri mzuri wa kupokelewa. Tukazibandika ukutani, ukuta ukajaa mihuri. Moshi haukupungua.

Mdogo wangu wa kike ni mkunga katika kituo kidogo cha Rwambuzi. Yeye hakuandika barua. Jenereta ilipogoma, na iligoma ilivyotaka, alizalisha akina mama akiwa na tochi ya simu kati ya meno, kwa sababu chumba cha kuzalia kina dirisha moja, nalo limepigiliwa mbao ili wapita njia wasichungulie.

Hatimaye tukapewa paneli mbili za jua, za mfano. Fundi alizifunga juu ya bati la kituo hicho asubuhi, waya ukashushwa hadi taa ya chumba cha kuzalia, na kabla hajashuka ngazi mwenyekiti wetu alimpandishia kitenge kipya. Kwetu kitu hakijaanza mpaka mkubwa wa serikali akifunue mbele ya watu, na mkubwa alikuwa Kinshasa. Basi paneli zikafunikwa, kitenge kikafungwa kamba pembe nne, nami nikasaini karatasi kwamba kisiguswe.

Wiki ya kwanza nilijivuna. Ya tatu kitenge kilipauka, tukanunua kingine. Ya tano nilikuwa napanda kila Jumatatu kukikung'uta vumbi, mtu mzima na shahada yangu, nikilinda kivuli.

"Yaya," mdogo wangu aliniuliza siku moja, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, akikohoa moshi wa jenereta, "jua nayo inangojeaka mukubwa?"

"Njo protokole, njo utaratibu ya bakubwa," nikamjibu.

"Protokole njo inazalishaka?"

Nikajifanya nasoma simu.

Kisha Jumatatu moja mchana, nikiwa bado kituoni, jua likiwaka, akafika mwanamke aliyekimbia vita vya Djugu, uchungu umemshikia njiani. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Simu ya mdogo wangu ilikuwa imezimika. Yangu ilibaki na chaji ya kumwita mtu mmoja.

"Yaya, panda!" akapiga kelele kutoka chumbani. "Toa ile kitenge! Mama iko anatoka damu, siko naona kitu!"

Nikampigia mwenyekiti. Ndiyo, nilimpigia kwanza. Hata leo nikikumbuka naona haya.

Mwenyekiti akafikiri kidogo. "Funua moja," akasema. "Ile ingine tubakishie mukubwa."

Simu ikazimika. Nikapanda, nikafungua pembe mbili, nikakikunja kitenge nusu kwa adabu, kama mtu anayefunua sahani ya mgeni. Chini yangu taa ikawaka. Baadaye nikasikia mtoto analia, nami nikalia vilevile, nimechuchumaa juu ya bati la moto. Kisha, Mungu anisamehe, nikaifunika tena ile paneli.

Mkubwa alifika wiki iliyofuata. Alivuta kamba, watu wakapiga makofi, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo akina mama wa Rwambuzi watazalia kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na ripoti ya kupigwa muhuri wake, ile ambayo tungeitumia kudai paneli za vituo vingine vyote. Kwenye mstari wa watoto waliozaliwa kwa mwanga wa jua nilikuwa nimeandika sifuri. Kabla ya sherehe, kwa protokole, mwanga haukuwapo.

Yule mwanamke wa Djugu alikuwa nyuma yangu, mtoto mgongoni. Alichungulia begani mwangu, akasoma polepole.

"Papa," akaniuliza kwa heshima na kwa sauti ya chini, "na huyu wangu? Alizaliwaka mu nini?"

Nikatoa kalamu, nikaikata sifuri, nikaandika moja. Msaidizi wa mkubwa akaitazama ile karatasi, akasema iliyokatwa haipigwi muhuri, akanirudishia.

Ipo ukutani pamoja na zile nyingine. Ni hiyo tu isiyo na muhuri.