Karatasi ya Safu Mbili

Nianze na upumbavu wangu, nisije nikatafuta pa kuuficha: nilimsomea kaka yangu karatasi ya kazi ovyo, makusudi, nikajichekea peke yangu.

Kaka haoni. Surua ilimchukua macho kabla mimi sijazaliwa. Likizo iliyopita aliitwa Kilifi kujaribiwa kazi ya kupokea simu katika ofisi moja. Kazi hiyo ndiyo ingemwondoa kwenye baraza yetu hapa Malindi, ambapo wapita njia humpa salamu na sarafu kwa pamoja. Sarafu huzirudisha, kwa adabu.

Alipewa karatasi ya kuhifadhi, ya wenye macho. Mama, ambaye hushona kofia, akaazima redio kaseti kwa jirani, akafunga fundo la uzi wa kofia kwenye kanda ili kaka ajue upande wa kuanzia. Kusoma nikaachiwa mimi, na wenzangu wananipigia miluzi twende mpirani.

Karatasi ilikuwa na safu mbili. Ya kushoto, juu yake: "Ya kufanya". Ya kulia: "Yaliyokatazwa". Vichwa nikaviruka. Safu nazo nikazipasua katikati, kushoto hadi kulia, kama mbuzi anayekatiza shamba la watu:

"Simu ikilia, pokea, kumwacha mpigaji asubiri. Taja jina la ofisi, kumfokea mpigaji. Mwunganishe na anayemtaka, kusikiliza maneno yao."

Kaka akainua kichwa. "We, ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo. Kwani wewe hujawahi kwenda ofisini?"

Akacheka. "Wallahi kweli. Kumbe hufundishwa!"

Nikajiambia nitarekodi upya nikirudi kutoka maulidi ya Mambrui. Niliporudi, usiku wa kuamkia safari, kaka alikuwa ameshahifadhi upuuzi wangu wote. Aliusoma huku akiyumba, kama tulivyolelewa chuoni kwenye Kurani: shika maneno kwanza, maana itakuja, na mwanafunzi hasahihishi kitabu. Mama alikuwa akimjaribisha kofia mpya. Nikafungua mdomo niseme, nikautia muhogo.

Kilifi nilimshika mkono hadi mlangoni, nikaambiwa nisubiri kwenye benchi. Mlango haukufungika sawasawa. Bwana mmoja akamwuliza, simu ikilia atafanya nini? Kaka akasoma yote bila kukwama, kwa ile sauti yake nzuri.

Kicheko, mtu akipiga meza.

"Huyu kaja kututukana! Nani aliyekufundisha haya?"

"Ndivyo nilivyosomewa, bwana."

Hakunitaja. Ningeingia nikasema ni mimi. Lakini mimi, ninayeruka ua wa shule kila Ijumaa, nilibaki nimeling'ang'ania benchi.

Tulipofika barabarani akauliza, "Karatasi ilikuwa na safu ngapi?"

"Mbili."

Akatikisa kichwa polepole.

Jioni alikaa barazani na kofia yake mpya. Mzee mmoja akapita, akamsalimu, akamwachia sarafu kiganjani. Nikangoja airudishe. Akaitia mfukoni.

Mama aliona. Nilikuwa nimeshamweleza kila kitu, nikilia, na hakunipiga. Alichomoa sindano kwenye kofia aliyokuwa akishona, akasema:

"Alipopofuka nilimwambia, usilie baba, nitakuzalia macho. Nikakuzaa wewe."