Siku Santrafrika Iliposhinda Kisangani

Maporomoko ya Kisangani hayanyamazi. Aliyezaliwa kando yake huzungumza kwa kelele hata kanisani, na mimi, baada ya kulala katika miji mingi ya watu, bado naambiwa nipunguze sauti. Katika ngurumo hiyo, likizo moja maji yalipopungua, nikiwa msichana wa miaka kumi, tuliandaa michezo ya nchi jirani. Redio ya Papa, baba yangu, ilikuwa imetangaza ile ya wakubwa: riadha, ndondi, mpira wa kikapu, kila nchi na bendera yake. Ilipita miji mikuu, kwetu haikufika. Basi tukajifanyia yetu, tukagawana nchi kwa kura ya kokwa za mawese. Kila mtoto aliitaka Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Basile, mtoto wa jirani, akaipata. Mimi nikaangukiwa na Santrafrika, yaani Jamhuri ya Afrika ya Kati. Walinicheka, nami nikaapa moyoni kwamba nchi yangu mpya haitashika mkia.

Mbio za mchangani Zaire ilishinda, mieleka pia. Likabaki shindano la mitumbwi, ambalo redio haikulitaja hata mara moja, nasi tukaona kosa ni la redio. Kila mmoja peke yake, amesimama wima na kafi lake, kutoka mwamba wa juu hadi ufuko ambako mama zetu walikausha samaki kwa moshi. Nilikuwa mbele ya Basile kidogo tu nilipoona kikapu kikubwa cha kunasia samaki kimekatika kamba kwenye miti iliyosimikwa mkondoni, kinachukuliwa na maji. Sisi wa maporomoko tuna sheria isiyoandikwa: kikapu kilichokatika hakipitwi. Hata kikiwa cha adui yako, unaacha shughuli zako unakishika, maana kukisuka ni kazi ndefu, na bila kikapu nyumba nzima hulala njaa. Na kile kilikuwa cha Papa. Nilikitambua kwa kitambaa chekundu mdomoni. Nikakipita. Nyuma yangu Basile aligeuza mtumbwi, akakishika.

Nilifika wa kwanza, kafi juu. Hakuna aliyepiga makofi. Tonton Faustin, mdogo wake Papa, tuliyemfanya mwamuzi kwa sababu alikuwa na filimbi, akanitazama kama mwizi.

“Bon. Zaire ndiyo imeshinda. Weye ulipita kikapu ya papa yako!”

“Tonton, leo miye niko Santrafrika. Santrafrika haina kikapu hapa.”

“Haina hata haya!” mama mmoja akadakia kutoka kwenye moshi, na ufuko mzima ukacheka.

“Basile alichagua kikapu. Miye nilichagua kushinda. Kila mutu akamate yake.”

Nikapanda juu ya jiwe nikaimba wimbo wa taifa wa Santrafrika. Sikuujua, kwa hiyo nilichukua sauti ya wimbo wa kanisani nikatia maneno yangu, beti tatu, mpaka filimbi ikachoka kunikatiza. Jioni Papa alimwalika Basile, akampakulia kwanza yeye, kisha akanigeukia.

“Alors, Santrafrika atakula wapi leo?”

“Hapa hapa, Papa. Mugeni hafukuzwe.”

Alitaka kukasirika, akashindwa, akanisogezea sahani. Lakini kwamba nilishinda, hakusema.

Tangu hapo nimetangatanga. Nimekaa kwenye majukwaa ya nchi jirani nikitazama michezo ya wakubwa: inafunguliwa kwa ngoma, inaahirishwa fedha zikikosekana, inafufuka, na mara nyingi filimbi humpendelea mwenyeji. Tanzania walinifunza methali mbili: mcheza kwao hutuzwa, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Nazikataa zote mbili. Michezo yetu ya watoto ilikoma kwa maisha kuwa magumu, na baadaye majeshi ya majirani wawili yakaja kushindana mjini kwetu bila mwaliko, yakatuachia makaburi. Watoto wa kokwa za mawese walijua ujirani kuliko wao.

Mwaka huu nilirudi. Basile sasa ni mvuvi mwenye mvi, na bado anadai siku ile ilikuwa yake. Aliniuliza kama leo ningekishika kikapu kile. Nilimjibu kweli: ningekishika, kwa maana njaa nimeijua. Ila siku ile sikukishika, nilipiga kafi, nikafika wa kwanza. Historia ya michezo ya wakubwa na waiandike watakavyo, hata Kisangani isitajwe popote. Santrafrika ilishinda.