Paa wa Mchungaji

Enzi zetu nyama haikuletwa nyumbani na kijana wa pikipiki. Ilikuwa lazima mtu aikimbilie, na mara nyingi ilimshinda mbio. Nalijua hilo vizuri kwa sababu nilizaliwa katika nyumba ya mwindaji wa paa, kule juu ya Nyamache, mahali vilima vinapoanza kuteremka kuelekea mpakani. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu Kisii, alikuwa na kishamba cha chai, migomba, mbwa watatu na maoni kuhusu kila kitu.

Maoni ndiyo yaliyokuwa mengi. Aliamini kwamba paa ananusa chai ya maziwa kutoka kilima cha pili, kwa hiyo siku ya kuwinda alikunywa turungi tupu na kututazama sisi wenye maziwa kama wahaini. Aliamini kwamba sabuni ya kunukia ilibuniwa na watu wasiopenda nyama. Mbwa, alisema, asipewe jina la Kizungu, maana atakaa akingoja kuamriwa kwa Kizungu huku paa anapotea. Mbwa wake mkubwa aliitwa Sajini, na wale wengine wawili walimfuata bila swali. Hata watu aliwapima hivyo hivyo. Mwalimu wetu wa darasa la nne, Tata alimwona akipita njiani mara moja tu, akasema mtu anayekanyaga kwa kishindo vile hawezi kuleta kitu nyumbani. Miaka mingi baadaye nilipompeleka mchumba wangu kwa mara ya kwanza, Tata alizungumza naye vizuri, akamchinjia kuku, na alipoondoka nikauliza amemwonaje. Akanijibu kwamba ni kijana mzuri, ila alikaa upande wa upepo.

Aliwinda Jumapili. Sisi tulikuwa Wasabato, kwa hiyo Jumamosi hata rungu halikuguswa, na Jumapili Wakatoliki walikuwa kanisani, kilima kikabaki bila wapiga kelele. Tata aliona huo ni mpango mzuri wa Mungu wa kuwagawia watu nafasi. Aliamka kukiwa na ukungu bado, akavaa sandali zake za tairi, akachukua mkuki mfupi, akaziba kengele za mbwa kwa majani ya mgomba ili zisilie kabla ya wakati wake. Kisha alisimama uani, akachota jivu kidogo jikoni, akaliachia lidondoke polepole kutoka vidoleni aone upepo unaelekea wapi. Hilo la jivu sisi watoto tuliliiga kila mahali, hata tukienda kisimani. Sina hakika upepo ulitusaidia nini kisimani.

Serikali ilikuwa imeshakataza kuwinda, lakini katazo hilo lilikuwa halijamaliza kupanda kilima chetu. Siku moja naibu wa chifu alikuja kumwonya Tata kwa ukali sana. Ikatokea kwamba chakula kilikuwa tayari, ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga na nyama kidogo iliyokaushwa juu ya moto. Alipomaliza sahani ya pili, onyo lilikuwa limepungua hadi kuwa ushauri wa kupunguza kelele za mbwa.

Ukimsikiliza Tata ungedhani kilima kizima kilikuwa kinamwogopa. Ukweli ulikuwa juu ya mlango wetu, alikopigilia kwato za kila paa aliyemkamata, na utoto wangu wote niliona seti tatu tu. Watu walikuwa wameshafyeka vichaka, wakapanda chai na mikaratusi, na paa wachache waliobaki nadhani walikuwa wanamjua kwa sauti. Kilichobaki kwa wingi ni sungura. Na hapo ndipo dini ilipoingia jikoni, kwa sababu Msabato hali sungura. Tulifundishwa shule ya Sabato tukiwa wadogo kabisa: sungura hucheua, lakini hana kwato zilizogawanyika, basi ni najisi. Paa ana vyote viwili, basi ni safi. Mbwa wetu hawakuhudhuria somo hilo. Wiki baada ya wiki walileta sungura, na Tata akawapeleka kwa jirani yetu Mkatoliki, Mzee Ombati, kisha jioni tulikaa uani tukinusa harufu ya najisi ikikaangwa kwa vitunguu, mate yakitutoka.

Mimi nilikuwa msichana peke yangu kati ya kaka watano. Kila kitu kilikuwa cha wote: kitanda, sweta, kalamu, hata zamu ya kulamba mwiko. Kitu kimoja tu kilikuwa changu. Nyanya yangu alinipa mbuzi jike mdogo kwa sababu nilimchotea maji msimu mzima alipoumia mguu. Alikuwa mweupe wote isipokuwa kichwa, ambacho kilikuwa cheusi, nikamwita Sista kwa kuwa alifanana na masista wa misheni ya Wakatoliki. Mama hakulipenda jina hilo hata kidogo. Sista alikuwa anapenda maganda ya ndizi kuliko majani yoyote, na alinijua kwa miguu. Nikirudi shuleni, kabla sijafika langoni, alishaanza kulia. Nilimpenda mbuzi yule, na sioni aibu kusema hivyo katika umri huu.

Nilipokuwa darasa la sita, kanisa liliamua Tata awe mzee wa kanisa. Mchungaji wa mtaa, aliyekuwa na makanisa mengi na kwetu alifika mara chache kwa mwaka, angekuja Sabato fulani kumwekea mikono. Lilikuwa jambo kubwa. Mtu aliyeishi na mbwa na mkuki angesimama mbele za watu akiwa amevaa koti. Tata angenyamaza tu, mambo yangeenda sawa. Lakini tangazo liliposomwa, alisimama akaliambia kanisa zima kwamba mchungaji siku hiyo atakula kwake, na atakula paa.

Wiki ile aliwinda Jumapili, akawinda Jumatatu, akawinda kila asubuhi kabla ya kuchuma chai. Aliacha turungi, akanywa maji matupu. Aliacha hata vitunguu kwenye mboga. Jumatatu Sajini alileta sungura. Jumatano Sajini alileta sungura mwingine, mnene, akamweka miguuni pa Tata kwa furaha. Alhamisi Tata alirudi na umande mpaka kiunoni, akakaa kwenye kigoda. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona baba yangu akiwa hana maoni.

Ijumaa nilirudi shuleni, nikafika langoni, hakuna aliyelia. Kamba ya Sista ilikuwa imefungwa kwenye mgomba kama kawaida, ila upande wa pili haikuwa na kitu, na haikuwa imekatika. Jikoni chungu kilikuwa kinachemka, kwa kuwa chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa kabla jua halijazama. Mama alikuwa amenipa mgongo. Nilimwita mara mbili ndipo akageuka, na macho yake yalinitosha. Tata akaniita nyuma ya nyumba. Hakunidanganya, hilo nampa.

"Kerubo, nitakurudishia," alisema. "Lakini kesho nyumba hii ina paa."

Fikiria hesabu ya mtu yule. Sungura walikuwa kilimani, bure, wanono, na mchungaji asingejua tofauti chunguni. Tata hakuweza. Kumlisha mtumishi wa Mungu najisi kulimshinda kabisa. Akachagua nyama safi na uongo. Aliishika sheria ya kwato kwa nguvu zote mpaka ile ya ulimi ikamponyoka, na mimi ndiye niliyekosa mbuzi.

Kesho yake, baada ya ibada, walikuja nyumbani mchungaji na wazee wa kanisa watatu. Kuwekewa mikono kulipangwa kufanywa mchana ule ule, baada ya chakula. Kazi yangu ilikuwa kupita na jagi na beseni kuwanawisha. Tata alieleza alivyomfuata paa wake tangu alfajiri, alivyompoteza kwenye mikaratusi, Sajini alivyomkata njia karibu na kijito. Alieleza vizuri sana. Kama nisingalijua, ningaliamini, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa ameshafika karibu na kuamini. Mchungaji alikula kwa raha. Alisema tangu atoke kwao hajawahi kuonja paa laini namna ile. Wazee wakaitikia kwa kutafuna.

Niliporudi na maji ya kunawa, wakiwa wanamalizia kula, mchungaji aliniangalia kwa upole, kama watu wazima wanavyofanya wakitaka mtoto naye aonekane. Akauliza, "Na wewe, ulimwona huyo paa?"

Nilijua kilichokuwa mikononi mwangu, na hakikuwa jagi tu. Nikisema ndiyo, nimedanganya siku ya Sabato, mbele ya mchungaji. Nikisema hapana, baba yangu amekwisha. Tata alikuwa anaangalia sahani yake. Sikupanga nilichosema. Kilitoka chenyewe.

"Nilimjua," nikasema. "Alikuwa anapenda maganda ya ndizi."

Hakuna aliyetafuna tena. Mzee mmoja alitazama juu ya mlango, kwenye zile seti tatu za kwato, akazihesabu kwa midomo. Nilitamani Tata anikaripie, aseme mtoto huyu ana utani, na watu wangekubali, kwa kuwa walitaka kukubali. Badala yake akaweka sahani chini.

"Mchungaji, usimuulize tena," alisema. "Hii ni mbuzi ya huyu mtoto. Paa nilimkosa wiki nzima."

Mchungaji alimeza kilichokuwa mdomoni, akanawa polepole, akajipangusa. "Mbuzi ni safi, ndugu yangu," akasema. "Kwa nyama hatuna neno."

Mchana ule hapakuwa na kuwekewa mikono. Kanisa liliambiwa jambo hilo limesogezwa mbele, na hakuna aliyeuliza sababu, ishara kwamba wote walikuwa wameshaijua. Nilingoja kuchapwa tangu jioni ile hadi Jumatano. Sikuchapwa. Hata kunigombeza hakunigombeza.

Jumapili asubuhi Tata hakumwaga jivu. Alimfunga Sajini kamba shingoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda naye kwa Mzee Ombati kabla ya misa. Alirudi akiwa na mbuzi jike wa rangi ya udongo, akanipa kamba mkononi, akaingia ndani. Wale mbwa wawili waliobaki bila Sajini walikuwa hodari wa kubwekea kuku. Ndivyo uwindaji wa paa ulivyokwisha kwetu, na serikali haikuwa na mkono wowote.

Ila Sajini hakuambiwa. Kila Jumapili, Mzee Ombati akiwa misani, mbwa huyo alikatiza shamba la chai akaja kusimama langoni petu saa ile ile ya kuwinda. Tata alitoka na kikombe chake cha turungi, akakaa naye pale nje mpaka Wakatoliki wakaanza kurudi, ndipo akamsindikiza kwao. Niliwaona hivyo muda mrefu, mpaka mbwa yule alipozeeka. Iliniuma kuliko kumpoteza Sista. Tata aliwekewa mikono mwaka uliofuata, na mgeni alikula ndizi za kupika na maharagwe.

Siku hizi naishi Nyamira mjini, nafanya kazi ofisini, na wanangu hawajawahi kumjua kwa jina mnyama yeyote waliyemla. Nyama inafika imekatwa, imekaangwa, imefungwa kwenye karatasi. Hakuna anayelazimika kuidanganyia, na hakuna anayelia kwa ajili yake. Kijana wangu mkubwa akienda kwa babu yake hupanda kilima kile kile kila asubuhi, kwa bidii ile ile, akiwinda mtandao. Nimemwona akiinua simu huku na huku kutafuta unakotokea, nikamkumbuka mtu wa jivu.

Desemba iliyopita tulikaa uani kwa Tata. Amezeeka sana, na mambo mengi yamemtoka kichwani, lakini si lile. Kwato zipo bado juu ya mlango. Mjukuu akauliza za nini, na Tata akaanza kueleza, taratibu, jinsi alivyomfuata paa wa mchungaji tangu alfajiri, jinsi alivyompoteza kwenye mikaratusi, jinsi Sajini alivyomkata njia karibu na kijito. Kijana akacheka, akasema, "Babu, hizo ni stori. Na askari wangekudaka."

Tata hakukasirika. Alinigeukia tu. Nilitafuta usoni pake dalili kwamba anakumbuka kamba tupu, jagi, ile sahani aliyoiweka chini. Sikuiona. Palikuwa na mzee anayengoja shahidi wake.

"Muulizeni mama yenu," alisema. "Yeye alikuwepo."

Wanangu wote wakanitazama.

"Nilimwona," nikasema. "Alikuwa na mbio sana. Bila Sajini asingepatikana."

Tata akaitikia kwa kichwa, akavuta kigoda chake, akaniashiria nisogee upande wake, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye upepo.