Neno "Katupiwa"

Miaka kumi na minane sasa Jedida ni muuguzi wa chumba cha dharura, hospitali moja upande wa Magarini, na watu humjua kwa sauti yake ya chini. Siku hiyo hata mlinzi wa getini alimsikia.

Sidi, binti wa miaka ishirini na miwili, aliletwa asubuhi kajikunja kwa maumivu ya tumbo. Picha ya eksirei ilipotoka, tumboni mlionekana misumari. Wanafunzi wa uuguzi wakasogea na simu zao.

"Huyu ni mgonjwa, si shoo ya Mombasa," Jedida akawaambia. "Tokeni."

Akabaki ami yake Sidi, Tsuma. "Dada, huyu katupiwa uchawi. Na aliyemtupia yuko hapo nje."

Pale nje, kwenye benchi, alikuwa hawe, yaani nyanya yake Sidi, kichwa kizima mvi, kapakata viatu vya mjukuu wake. Ndiye aliyemtafutia gari. Lakini mwajua kwetu: neno hilo likitangulia kijijini, kikongwe hafiki salama. Na Tsuma alikuwa keshampigia simu Ziro, kiongozi wa vijana kijijini.

Jedida akamtoa Tsuma, akavuta pazia, akaketi kitandani. "Mwanangu, sikuulizi ili nikulaumu. Imeingiaje?"

Sidi akajibu, "Nilimeza mwenyewe, mama. Tangu mtoto wangu afe, kichwa hakitulii. Nikisema wataniita kichaa."

"Huo ni ugonjwa, una daktari wake, na nitakupeleka mimi. Usiponiruhusu, sisemi kitu. Ila ami yako anasema ni hawe."

"Hawe?" Sidi akajiinua kwa kiwiko. "Mwite huyo ami."

Akamwambia yote, akimtazama usoni. Tsuma akamgeukia Jedida. "Mmemfundisha kusema."

Hapo ndipo mlinzi aliposikia.

"Simu ya kumuua mama yako mzazi uliipiga mbio! Hii nayo ipige. Hapa hapa, mbele yangu."

Tsuma akapiga. "Ziro, warudishe vijana. Si mama. Sidi ni mgonjwa."

"Sikusikia vizuri," Jedida akasema.

Akairudia.

Sidi akapelekwa kupasuliwa. Jedida hakuiamini simu moja. Akamwandikisha hawe kuwa ndiye anayemuuguza Sidi, alale wodini, na asiondoke mpaka chifu aje kumchukua mwenyewe.