Minazi ya Darasa la Sita

Mwalimu Saleha binti Salmin hakuwahi kupanda mnazi hata mmoja maishani mwake. Kwao walikuwa wakipandiwa. Babu yake alikuwa na shamba upande wa Ganda, kubwa la kumchosha punda, na Saleha alikuwa amelikanyaga mara mbili tu kabla ya kuwa mwalimu: mara moja kwa matanga, mara ya pili kunywa madafu. Watu wa kwao hawakuwa wakaaji wa shamba. Walikuwa wenye shamba, na hayo ni mambo mawili.

Serikali ndiyo iliyompeleka huko. Alipotoka chuoni, mwaka wa sabini na mbili, alipangiwa shule ya msingi iliyokuwa ubavuni mwa shamba lile lile, madarasa mawili ya mawe na yaliyobaki ya makuti. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa ulimi, na watoto walimwogopa kwa neno moja alilowaambia kila asubuhi alipokagua kazi za nyumbani: "Asiye na daftari hana jibu. Keti." Hata kama mtoto analo jibu kichwani. Hata kama daftari limeliwa na mbuzi. Keti.

Miaka kumi na mitatu hakumsumbua mtu, wala mtu hakumsumbua. Kisha ukaja mfumo mpya wa elimu, na walimu wakakusanywa Malindi kwenye semina, wafundishwe kufundisha. Hapo ndipo alipoketishwa dawati moja na Dena, mwalimu wa Ngomeni, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Mkufunzi alikuwa akisoma yale ambayo mtoto wa darasa la sita lazima ayajue. Dena akainama kidogo.

"Mwalimu, umesikia hapo neno lolote la mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya jengo?"

"Sikusikia. Kwani weye ulitaraji?"

"Hao ndio nusu ya darasa langu. Mimi nawafundisha reli ilifika Kisumu lini. Wao wataka kujua kwa nini wao hawafiki shuleni."

Saleha akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Mwaka haukuisha, walikuwa walimu saba, kutoka Ngomeni mpaka Kuruwitu. Hawakuwa na jina wala mwenyekiti. Kila mwisho wa mwezi, walipokuja mjini kwa mishahara, waliketi katika hoteli moja ya chai nyuma ya soko, na kila mmoja alikuja na somo alilolijaribu mwenyewe, limeandikwa katika daftari moja lililozunguka mikononi mwao wote saba. Priscilla wa Kuruwitu aliwafanya watoto wahesabu ndoo za maji: nani huteka, nani huoga. Dena aliwauliza watoto wa wavuvi samaki mkubwa huishia meza ya nani. Sharti lao lilikuwa moja tu: mtoto haambiwi uongo darasani, hata ule wa kumfurahisha.

Saleha akachagua minazi. Aliona hilo ndilo somo pole kuliko yote, kwa kuwa halikuwa na jambo geni. Pwani kila mtu ajua kwamba ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule. Aliyepanda ndiye mwenye mti, na mwenye ardhi akitaka kumwondoa, sharti amlipe mti kwa mti. Basi akawatuma watoto wake thelathini na wanane waende nyumbani wakaulize: mnazi huu alipanda nani, lini, na nani aliona? Kisha wachore.

Wakachora muhula mzima. Mbora wao alikuwa Nyevu, msichana mwenye mwandiko mdogo kama siafu mstarini. Alichora minazi arubaini na mmoja ya marehemu babu yake Kiponda, kila mmoja na wasifu wake: huu una kovu la shoka, huu umepinda kuelekea kisimani, huu ulipigwa na radi ukapona. Iliyokuwa ya wenye shamba aliikoza rangi nyeusi, isichanganyike.

"Hiyo nyeusi ndiyo yetu," Saleha alijisemea, kalamu nyekundu mkononi. Akaona kwamba nyeusi ilikuwa michache. Akafunga daftari kabla hajatia alama.

Mwezi huo huo Ami Abdillahi, mdogo wa marehemu baba yake na msimamizi wa shamba, alipata mnunuzi aliyetaka kujenga hoteli ya wageni. Mnunuzi alitaka ardhi isiyo na watu. Ikapangwa kwamba mwezi wa kumi Bwana D.O., afisa wa tarafa, atakuja kukaa kikao, aone minazi ya wakaaji, asikilize mashahidi, aamue nani alipwe kabla ya kuondoka. Ami alikuwa na tatizo moja. Minazi ilikuwa imechanganyika tangu enzi za babu, na hakujua upi wake na upi wa watu. Kwao nani aliwahi kwenda kuitazama?

Wazazi wakaja shuleni, mamake Nyevu mbele, leso imefungwa kiunoni.

"Mwalimu, wazee walioona wamebaki watatu, na mmoja hasikii. Yale madaftari ndiyo mashahidi wetu."

"Siku ikifika nitayaleta mwenyewe," Saleha akasema.

Dena aliposikia, aliweka kikombe chini. "Dada, warudishie wenyewe."

"Kwenye yale makuti? Mvua moja tu imekwisha. Au bibi mmoja afungie njugu."

"Basi tuyanakili, tugawane."

"Kurasa ngapi, Dena, weye una mikono mingapi? Kwetu ni nyumba ya mawe. Nitayatia sanduku la marehemu mama, na ndani kwetu hajaingia mwanamume wa nje tangu nyumba ijengwe. Hata askari akija huishia barazani."

"Miye wa nje siwaogopi sana," Dena akasema.

Saleha akamalizia chai yake. Alidhani ni maneno ya mtu wa nyumba ya udongo asiyejua ndani ya nyumba ya mawe kulivyo.

Mwaka huo, wa themanini na sita, watu walikuwa wakichukuliwa na askari kwa karatasi ya uchochezi waliyoisoma, au waliyodhaniwa wameisoma. Mwezi wa tisa, Jumanne, Dena akachukuliwa mbele ya darasa, chaki ikiwa vidoleni. Katika mkoba wake mlikuwa na lile daftari la masomo, lenye miandiko saba. Priscilla alikuja mjini siku ya tatu, macho mekundu, lakini mdomo ule ule wa mzaha.

"Yangu yote nimeyatupa chooni. Askari akiyataka, na ashuke."

Hakuna aliyecheka. Ile hoteli ya chai hawakuketi tena. Walimu wale sasa wakikutana njiani, waliulizana hali za watoto na kupita.

Saleha akayahamisha madaftari kutoka kabati la shule, akayazika sandukuni chini ya leso za mama yake, akafunga. Alhamisi, baada ya alasiri, askari watatu wakaja. Wakavua viatu, wakaketi barazani kwa adabu kama wageni wa posa. Ami Abdillahi akaagiza kahawa. Nyuma ya pazia, Saleha alisikia vikombe, kikohozi, sauti ya chini ya ami yake, kisha buti zikivaliwa. Wakaenda zao. Akaketi juu ya sanduku, akacheka mpaka machozi. Alikuwa amewajua hasa!

Kesho yake, Ijumaa, alirudi kutoka kazini akakuta leso za mama yake zimekunjwa vizuri kuliko alivyoziacha. Mwizi hakunji. Ufunguo wa pili wa sanduku lile ulikuwa kwa mtu mmoja tu duniani.

Shangazi Shekha, aliyemlea tangu akiwa yatima wa miaka minne, alikuwa ukumbini akichagua mchele. Hakuinua uso.

"Shangazi, madaftari yako wapi?"

"Yamekuepusha na jela."

"Nimekuuliza yako wapi."

"Kwa ami yako. Wale jana hawakuja kunywa kahawa, mwanangu. Aliwaambia mambo ya nyumba yake atayamaliza mwenyewe, na leo akaja kuniuliza. Ulidhani waliondoka kwa haya?"

"Yale ni ya watoto wa watu!"

"Na weye ni wa nani?" Shekha akatupa chuya pembeni. "Sikukulea nije nikupelekee uji gerezani kwa ajili ya minazi ya watu. Nichukie. Nichukie ukiwa umelala kitandani kwako."

Saleha akatoka mbio mpaka kwa ami yake. Alimkuta amevaa miwani, madaftari yamepangwa mbele yake kwa utaratibu, na la Nyevu likiwa juu.

"Mashaallah, umewafundisha," Ami Abdillahi akasema, na alisema kweli, hakumkejeli. "Huyu mtoto angefaa kuwa mpima ardhi."

"Ami, nakuomba. Nirudishie."

"Utarudishiwa. Baada ya kikao." Akafungua ukurasa wenye rangi nyeusi, akaupangusa vumbi. "Mnazi uliosimama una mwenyewe, Saleha. Ukilala ni kuni tu."

Jumatatu wakaingia watu wa mashoka. Palikuwa na karani mmoja anayeshika madaftari na kusoma kwa sauti, na upepo ulikuwa ukitoka upande ule, darasa la sita likasikia kila neno. "Wenye kovu la shoka!" Kishindo. "Uliopinda kuelekea kisimani!" Kishindo. Watoto walikuwa wakisikia sentensi zao wenyewe. Saleha aliandika hesabu ubaoni, akafuta, akaandika tena zile zile. Nyevu hakunakili kitu. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, na Saleha alijua inahesabu. Siku ya tatu asubuhi ikafika arubaini na moja, midomo ikatulia.

Minazi yenye rangi nyeusi haikuguswa.

Siku ya kikao Bwana D.O. alilitembelea shamba akiwa na fimbo yake, akaona minazi ya mtu mmoja, imesimama vizuri. Visiki je? Akaambiwa ni miti mizee iliyosafishwa. Wazee watatu wakasema. Yule asiyesikia akasema juu ya jambo jingine. Ndipo Saleha akasimama upande wa wanawake. Ami yake alimtazama kama mtu anayetazama moto ukishika pazia lake.

"Minazi ile ilikuwa na wenyewe," akasema. "Nitaitaja. Ya marehemu Kiponda, arubaini na mmoja. Wa kwanza alipanda mwaka wa njaa, shahidi wake..."

"Wewe ni nani katika jambo hili?"

"Mimi ni mwalimu wao. Watoto waliandika, mimi nikasoma. Yote ninayo kichwani."

"Una maandishi?"

"Yalichukuliwa."

"Unayo hapa au huna?"

"Sina."

"Basi keti, mama."

Hakuketi. Akaendelea kutaja, mnazi na shahidi, mnazi na shahidi, na nyuma yake wanawake wakaitikia kila jina. Karani wa kikao alikuwa ameshaweka kalamu chini. Bwana D.O. akaendelea kuzungumza na Ami Abdillahi, wakamwacha aseme mpaka sauti ikakauka.

Kazi hakufukuzwa, ami yake aliliona hilo kuwa ni wema. Saleha akahama nyumba ya mawe, akalichukua sanduku la mama yake, akapanga chumba karibu na soko, na Shangazi Shekha alimletea chakula kila Ijumaa, naye Saleha akala, wasizungumze. Dena alitoka baada ya miezi kumi na minne. Mkono wa kulia ulikuwa haushiki chaki, na Ngomeni hakurudi kufundisha.

Wakaaji walikuwa wamepewa mpaka mwisho wa mwaka ule ule wa kikao. Wiki ya mwisho ya muhula viti kumi na saba vilikuwa vitupu darasani. Nyevu alikuja siku ya kuhama, bila sare, na kuku chini ya kwapa. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Ile kazi ya minazi hukuturudishia. Nilipata ngapi?"

Saleha aliweka kalamu chini. "Kumi juu ya kumi."

Msichana akafikiri. Kuku akapapatika, akambana.

"Nilipata yote?"

"Yote."

"Basi mbona wameikata?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kumfariji mtoto, na Saleha aliyajua yote. Akalikumbuka lile sharti lao walimu saba.

"Kwa sababu ulipata yote," akasema. "Na kwa sababu nilikataa kukurudishia daftari lako."

Nyevu akamhamishia kuku kwapa la pili. Hakulia, wala hakusema kwaheri. Akageuka akawafuata watu wake waliokuwa wakingoja barabarani na vitanda vyao, na Saleha akabaki amesimama mbele ya darasa. Vitabu vikangoja kusahihishwa, na yeye hakuweza kuketi.